Ruhusa ipo, vidonge vinachelewa

Msikilizaji, kampuni iliyovumbua dawa hupewa hataza, yaani haki ya kuwazuia wengine wasiitengeneze. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani unairuhusu serikali kutoa leseni ya lazima, ili kiwanda kingine kitengeneze dawa hiyo bila ridhaa ya mwenye hataza. Lakini ulitaka sehemu kubwa ya dawa hizo itumike huko huko zinakotengenezwa. Je, nchi isiyo na kiwanda ifanyeje?

Agosti 2003 wanachama walilegeza sharti hilo, na Rwanda ikawa ya kwanza kujaribu. Julai 2007 iliarifu Shirika kwamba inataka kuagiza kutoka Kanada vidonge vya kupunguza makali ya Ukimwi. Kampuni ya Apotex ilipata leseni Septemba mwaka ule, lakini shehena ya kwanza iliondoka Septemba 2008. Mgonjwa wa Ukimwi angoje miezi 14!

Tena leseni ilikuwa ya nchi moja na idadi maalumu, vidonge milioni 15 na ushei. Ukitaka vingine, anza upya. Kiwanda gani kitawasha mitambo kwa oda ya namna hiyo?

Kipo kifungu chenye nafuu, ambacho hakisemwi sana. Jumuiya ya kibiashara ambayo angalau nusu ya wanachama wake ni nchi maskini kabisa inaweza kuingiza dawa hizo kupitia mwanachama mmoja, kisha wenzake wenye tatizo lile lile wakagawiwa. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ni Kenya peke yake isiyo katika orodha ya nchi hizo. Mawaziri wetu wa afya na biashara wanangoja nini kuagiza kwa pamoja?