Kidude Kinachopiga Saa Ndani ya Gari

Ukisikia mtu akitaja moyo wa gari, bila shaka utafikiria injini. Hata mimi nilifikiri hivyo hadi siku kaka yangu, ambaye ni fundi wa umeme wa magari, aliponifungulia kisanduku cha kompyuta ya gari. Alinionyesha kidude cha bati, kidogo kama punje ya mahindi. "Hiki kikinyamaza," akasema, "gari haliwaki hata uliimbie!"

Kumbe kompyuta hufuata mapigo ya saa kama gwaride linavyofuata ngoma. Kile cha bati kilikuwa na jiwe la kwatzi, ndugu ya lile linalotetema mara 32,768 kwa sekunde katika saa za mkononi. Siku hizi limepata mpinzani: osileta ya MEMS, ambayo kiini chake huchongwa katika silikoni. Kiini hicho ni chepesi mno, kwa hivyo mashimo ya barabarani hayakisumbui sana.

Je, ukitumwa kuchagua moja ya kutia garini, utaangalia nini? Wengi hukimbilia udogo. Mimi nasema anza na joto. Vipuri vya namna hii hupimwa kwa kiwango kiitwacho AEC-Q100. Daraja la 1 hustahimili kutoka nyuzi 40 chini ya sufuri hadi nyuzi 125, daraja la 2 huishia 105, na la 3 huishia 85. Hebu fikiria: pale Mombasa maji huchemka kwa nyuzi 100, na kidude kilicho karibu na injini hupita hapo na bado chatakiwa kisikose pigo! Kwa hivyo ukiona usahihi umeandikwa kwa nyuzi 25 pekee, shtuka. Uliza: na kwa 125 je?

Usahihi wenyewe huhesabiwa kwa sehemu kwa milioni. Siku ina sekunde 86,400, basi kosa la sehemu 50 kwa milioni ni kama sekunde 4.3 kwa siku. Si kitu? Kamera ya nyuma inayotuma picha kwa waya wa Etheneti ina saa yake, na kompyuta inayopokea ina yake. Kila moja huruhusiwa kukosea sehemu 100 tu. Basi ya 50 yatosha. Kulipia ya 10 ni kutupa pesa.

Udogo nao una hila. Zipo za milimita 2.0 kwa 1.6, hazina miguu, na lehemu hujificha chini. Fundi ataonaje kama imeshika? Nafasi ikiwapo, heri yenye miguu inayoonekana. Tena nyingi hutumia volti 1.8 hadi 3.3, ukiiunganisha moja kwa moja na betri ya 12, kwaheri.

Hata hivyo MEMS si malaika. Mwaka 2018, katika jimbo la Illinois, Marekani, gesi ya heliamu ilivuja hospitalini wakati mashine ya kupiga picha za mwili ilipokuwa ikiwekwa. Simu na saa za Apple zikazimika, maana gesi hiyo ilipenya hadi ndani ya saa zao za MEMS. Nyingi zilifufuka baada ya siku kadhaa, gesi ilipotoka. Nilipomsimulia kaka alicheka sana. "Hapa gereji," akasema, "gesi yetu ni moshi wa dizeli tu."