Kambi Kando ya Ziwa: Je, Mbwa Naye Aende?

Likizo ndefu ya shule huanza mwezi wa Desemba, na wakati huo huo mvua za West Nile nazo hukoma. Nyasi hukauka, barabara za vumbi hupitika, na watoto wa Arua na Koboko huanza kuwauliza wazazi wao watakwenda wapi safari hii. Baadhi ya familia huamua kuchukua hema na sufuria na kwenda kulala siku mbili tatu kando ya maji. Ikiwa nyumbani kuna mbwa, swali la pili hufuata mara moja: je, naye aende?

Swali hili si la mzaha. Kwetu sisi mbwa ni mlinzi wa boma au mwenzi wa mwindaji. Hakuzoea kupanda gari wala kulala ugenini. Akichukuliwa bila matayarisho huweza kuiponza familia nzima. Akitayarishwa vema, ni mlinzi mwema wa hema na furaha kubwa kwa watoto. Basi hebu tuitazame safari hii hatua kwa hatua.

ZIWA LIKO WAPI?

Ndugu msomaji anajua kwamba Arua haina ziwa, wala Koboko haina. Miji hii imejengwa juu, Arua ikiwa takribani mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Ziwa lililo karibu ni Ziwa Albert, ambalo Wanyoro huliita Mwitanzige, yaani muua nzige. Mwenye kutoka Arua hupita Nebbi hadi Pakwach, mwendo wa kilomita 130 hivi, kisha hugeuka kusini hadi ufukwe wa Panyimur, karibu na mahali Mto Nile unapotoka ziwani. Familia ya Koboko itaongeza kilomita 55 hivi za kufika Arua kwanza.

Wasiotaka mwendo huo huteremka moja kwa moja hadi mtoni, upande wa Rhino Camp. Jina la mahali hapo lina maana ya kambi ya vifaru, na ni katika sehemu hizo za ukingo wa Nile ambako Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, alipiga kambi mwaka 1910 akiwinda vifaru weupe. Vifaru hao wa porini walikwisha Uganda katika miaka ya 1980. Mamba na viboko wangalipo.

Yafaa kukumbuka kwamba ziwa liko chini sana kuliko miji yetu, kama mita 620 tu kutoka usawa wa bahari. Huko joto ni kali, na mbwa aliyezoea ubaridi wa Arua hataliona kuwa jambo dogo.

NJIANI

Mbwa hatoki jasho mwilini kama binadamu. Hujipoza kwa kuhema na kutoa ulimi. Kwa sababu hiyo gari lililofungwa vioo juani huwa tanuri kwake, na dakika chache zatosha kumwua. Mkisimama Nebbi kula chakula, mmoja wenu abaki naye kivulini. Mpeni maji kila mnaposimama, wala msimlishe shibe kabla ya safari, maana atatapika. Mbwa akihema kwa nguvu na kuyumba, mwondoeni juani, mlowesheni kwa maji ya kawaida, na mpepeeni.

Wapo pia wageni wanaokuja kutoka Kampala au ng'ambo kwa magari makubwa yenye vitanda na jiko ndani yake, au yenye hema lililofungwa juu ya paa. Hao hupita Karuma, na barabara ya kutoka hapo hadi Pakwach imepakana na Hifadhi ya Taifa ya Murchison Falls. Nyani hukaa kando ya barabara wakingoja kutupiwa chakula, na tembo huonekana karibu na Pakwach. Mbwa asishushwe hapo hata kwa haja ndogo. Tena wajue kwamba wanyama wa kufugwa hawaruhusiwi kuingizwa katika hifadhi za taifa za Uganda. Mwenye mbwa asitegemee kulala katika kambi za ndani ya hifadhi. Atafute mahali nje yake, na aulize mapema kama mbwa hupokewa.

MBWA HUMVUTA MTOTO MAJINI

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote. Mbwa mwenye joto akiyaona maji huyakimbilia. Mtoto anayempenda humfuata nyuma. Baba au mama akiona hivyo, naye huingia kuwatoa wote wawili. Kwa nukta chache familia nzima imo ndani ya maji ambayo haikukusudia kuyagusa.

Maji hayo yana hatari tatu. Ya kwanza ni mamba, ambaye hungoja kimya ukingoni, na mbwa anayekunywa maji ni windo jepesi kwake. Ya pili ni kiboko. Mchana hukaa majini, lakini usiku hutoka kula nyasi na hurudi kwa njia ile ile. Hema lisisimamishwe kamwe kwenye njia hizo, nazo hutambulika kwa nyasi zilizolazwa na nyayo kubwa. Mbwa akimbwekea kiboko usiku kisha akakimbilia hemani kujificha, atakuwa amewaletea wenyewe balaa mlangoni.

Ya tatu haionekani kwa macho, nayo ni kichocho. Ziwa Albert na mto unaotoka humo ni miongoni mwa sehemu za Uganda zilizosumbuliwa sana na ugonjwa huu, hata serikali ikaanzisha mpango wa taifa wa kuupiga vita mwaka 2003. Vijidudu vyake hutoka katika konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu anayekanyaga maji, hata kwa dakika chache. Maji ya kuoga yachemshwe, au yatekwe na kuwekwa siku mbili kamili kabla ya kutumiwa. Aliyeingia ziwani kwa bahati mbaya ajikaushe upesi kwa taulo, na baada ya wiki kadhaa aende zahanati kupimwa. Dawa ipo.

Basi kanuni ni moja: tangu kushuka garini hadi kuondoka, mbwa awe na kamba, na kamba iwe mkononi mwa mtu mzima au imefungwa mtini. Mtoto mdogo asipewe kamba hiyo, kwani mbwa mwenye nguvu atamburura. Maji ya mbwa yawekwe katika bakuli kambini, ili asiwe na sababu ya kwenda ukingoni.

CHANJO NA WADUDU

Chanjo ya kichaa cha mbwa si jambo la hiari. Mbwa huchanjwa tangu umri wa miezi mitatu, na chanjo hurudiwa kila mwaka. Kwa kuwa chanjo ya kwanza huhitaji muda kabla ya kumkinga, bwana mifugo aonwe angalau mwezi mmoja kabla ya safari, na cheti chake kichukuliwe. Mwenye nia ya kuvuka mpaka kwenda Sudan Kusini au Kongo aulize kwanza ofisi ya mifugo ya wilaya kuhusu karatasi zinazotakiwa.

Mtu akiumwa na mbwa yeyote, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Asingoje kuona kama mbwa atabadilika. Dalili za kichaa zikishatokea kwa binadamu, tiba huwa imechelewa.

Kando ya vijito vya West Nile kuna mbung'o, wanaoeneza malale. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Uganda imeufikisha ugonjwa huu, wa aina ya huku kwetu, mahali ambapo si tishio tena kwa afya ya umma. Mojawapo ya silaha zilizosaidia ni vitambaa vidogo vya buluu vyenye dawa, vilivyosimikwa kando ya mito katika miaka ya 2010. Mbung'o huvutwa na rangi hiyo. Kwa hiyo watoto wakikiona kitambaa cha namna hiyo wasiking'oe, na hema pamoja na nguo za safari zisiwe za buluu wala nyeusi. Mbwa naye huugua kutokana na mbung'o. Akirudi nyumbani akawa na homa, akakonda, na macho yake yakafanya ukungu kama wa maziwa, apelekwe kwa daktari wa mifugo bila kukawia. Kupe nao watafutwe kila jioni masikioni, kwapani na katikati ya vidole.

HESHIMA KWA WENYEJI

Ufukwe si mahali patupu. Una wavuvi, una mbuzi na kuku, una samaki wadogo walioanikwa juani ambao ndio karo ya shule ya mtoto wa mtu. Mbwa mmoja aliyefunguliwa huweza kuharibu kazi ya usiku mzima kwa nukta moja. Kabla ya kusimamisha hema, baba wa familia amwone mwenye ardhi na mwenyekiti wa kijiji, ajitambulishe, na aseme wazi kwamba anaye mbwa.

Katika Koboko na sehemu nyingi za West Nile wapo majirani Waislamu, na wengi wao huyahesabu mate ya mbwa kuwa ni najisi. Mbwa asisogezwe karibu na vyombo vya watu, mkeka wa kusalia wala birika la kutawadhia. Awe na bakuli lake, nalo lioshwe mbali na kisima. Mavi yake yafukiwe.

AKIBAKI NYUMBANI

Si kila mbwa anafaa kwa safari. Mbwa mgonjwa, mzee, mwenye mimba, au aliyezoea kuuma watu, abaki. Mbwa asiyechanjwa abaki. Familia isiyo na mtu mzima wa kumwangalia mchana kutwa imwache pia, na kumwacha si ukatili. Jirani mwema apewe unga, akiba ya dagaa na maagizo ya kumpa maji, nanyi mtakaporudi mmletee jirani huyo samaki wa Panyimur kama shukrani.

Watakaokwenda naye, wasisahau vitu hivi: cheti cha chanjo, ukanda wa shingoni na kamba mbili imara, bakuli lake, maji ya kutosha, sabuni, taulo kuukuu, na vyandarua kwa ajili ya watu. Orodha hii ni fupi, na sehemu kubwa yake imo nyumbani tayari.