Paka wako ana kisukari? Tulia, kazi ni saa moja na saa moja

Waambie majirani wa ploti yenu pale Lurambi kwamba paka wako ana kisukari, uone vile watacheka. "Paka? Kisukari? Kwani anakula keki za nani?" Wacha wacheke. Ugonjwa huu unawapata paka kama unavyowapata watu, na ikiwa daktari amekwambia jana kwamba wako anao, basi kuanzia leo wewe ndiwe nesi wa zamu ya asubuhi na ya jioni.

Mimi si daktari. Chuo chenyewe niliacha mwaka wa pili. Lakini nimeishi na paka wa aina hii ndani ya bedsita, nikauliza maswali hadi daktari akanizoea, na kuna jambo ambalo ningependa ulishike kabla ya mengine yote: wiki za kwanza, ogopa sukari kushuka kuliko unavyoogopa sukari kupanda. Sukari ya juu humchosha paka polepole, kwa wiki na miezi. Ikishuka sana, inaweza kumuua usiku mmoja. Ndiyo maana hii kazi inataka ratiba kuliko ujuaji.

Hupata wapi ugonjwa huu?

Kongosho hutengeneza insulini, ile homoni inayofungulia sukari mlango iingie kwenye seli za mwili. Kwa paka wengi wanaougua, mwili umeacha kuisikiliza insulini, na kongosho nalo limechoka kuitengeneza. Inafanana sana na kisukari cha aina ya pili kwa watu. Walio hatarini zaidi ni paka wanene, wenye umri kiasi, hasa madume waliohasiwa ambao kazi yao ni kulala kwenye kochi. Dawa za steroidi, ambazo paka huweza kupewa akiwashwa na ngozi, pia hupandisha sukari. Kwa hivyo mtajie daktari kila dawa ambayo paka wako amewahi kupata.

Dalili pengine uliziona bila kuzielewa. Bakuli la maji linaisha haraka, mchanga wa choo unalowa kila saa, anakula vizuri lakini anakonda. Wengine huanza kutembea wakikanyagia visigino vya miguu ya nyuma, kwa sababu sukari imegusa neva. Na ukiona sisimizi wamekusanyika pale alipokojoa, usiwafukuze tu, jiulize wamefuata nini.

Kitu kimoja usikubali: kuambiwa ni kisukari kwa kipimo kimoja cha damu pekee. Paka akiogopa, sukari yake hupanda ghafla. Aliyetulia huwa kati ya 4 na 8 hivi kwenye mashine, lakini ukimtia kwenye gunia, umbebe kwa boda hadi mjini na mbwa wambwekee njiani, anaweza kupita 15 na hana ugonjwa wowote. Daktari makini atapima mkojo pia, ama apime fruktosamini, kipimo cha damu kinachoonyesha sukari ilikuwaje kwa wiki mbili hivi zilizopita.

Daktari kwanza, dawa baadaye

Hapa Kakamega madaktari wengi wa mifugo siku yao huishia kwa ng'ombe na kuku. Hilo lisikutishe. Muulize kama amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya na kama amewahi kuanzisha paka kwa insulini. Kama hajawahi, mwombe ashauriane na mwenzake anayeshughulikia paka na mbwa. Muuzaji wa agrovet anaweza kuwa mtu poa sana, lakini kuuza dawa ya kupe hakumfanyi daktari wa kisukari.

Na insulini ya kukhu iliyo kwenye friji? Usiiguse. Kwanza ni uhai wake. Pili, insulini za watu ni za aina nyingi: kuna za kufanya kazi haraka, za kutwa nzima na zilizochanganywa. Daktari anaweza kumwandikia paka insulini ya watu, hasa ile iitwayo glajini, lakini ni yeye anayechagua aina na kiasi. Paka wengi huanza na kama yuniti moja, asubuhi na jioni. Yuniti moja ya insulini ya kawaida ya watu ni mililita 0.01, yaani tone dogo kuliko unavyofikiria. Ndiyo maana kukisia hakuruhusiwi.

Hapo kwenye sirinji ndipo watu huumia. Insulini ya watu kwa kawaida huwa na yuniti 100 kwa kila mililita. Ile iliyotengenezewa wanyama mara nyingi huwa na yuniti 40. Kila moja ina sirinji yake. Ukivuta insulini ya 100 kwa sirinji ya 40, utakuwa umempa dawa mara mbili na nusu ya kile ulichoandikiwa. Soma chupa, soma sirinji, namba zilingane. Famasi, omba sirinji ya insulini iliyo ndogo kabisa, ikipatikana ya mililita 0.3, kwa sababu mistari yake inaonekana vizuri.

Ratiba yenyewe

Chagua saa mbili zinazopishana kwa saa 12. Saa moja asubuhi na saa moja jioni ni rahisi kukumbuka. Weka alamu kwenye simu. Ukienda Khayega wikendi kutazama fahali wakipigana, panga kurudi kabla ya alamu kulia. Ukiitwa matanga mashambani, fundisha jirani mmoja mapema, asijifunzie kwa simu ukiwa ndani ya matatu.

Kwanza mpe chakula, uone anakula. Akikataa kabisa au akitapika, usimdunge kama kawaida. Mpigie daktari simu. Akila, vuta dawa, toa mapovu, inua ngozi ya ubavuni iwe kama kihema, ingiza sindano chini ya ngozi, sukuma, toa. Paka wengi hawageuki hata kichwa, sahani ndiyo wanaangalia. Badilisha upande kila mara.

Manyoya yakilowa na hujui dawa iliingia au ilimwagika, usirudie. Ukisahau dozi na muda umeyoyoma, usimdunge mbili ili kufidia. Dozi moja iliyorukwa haimuui paka. Dozi mbili kwa pamoja zinaweza.

Kama mnaishi wawili au watatu, bandikeni karatasi mlangoni. Anayedunga anaandika saa, anatia sahihi. Usimwamini mwenzako anayesema "nadhani nilimpa". Kila siku kuna nyumba ambayo mmoja alitoka mapema, mwingine akachelewa kuamka, na kila mmoja anadhani zamu ilikuwa yake.

Siku sukari ikishuka

Atalegea, atayumba kama mlevi, atatetemeka, pengine atatafuta chakula kwa fujo au ajifiche. Ikizidi, atapata degedege. Akiwa na fahamu, mpe chakula chake mara moja. Akikataa au akiwa amelegea sana, mpake asali au glukosi iliyokorogwa na maji kidogo kwenye ufizi. Usimmiminie kitu kooni akiwa amezirai, na usiweke vidole katikati ya meno akiwa na degedege. Akiamka, mlishe. Kisha twende kwa daktari hata kama anaonekana amepona, kwa sababu insulini bado iko mwilini na sukari inaweza kushuka tena. Weka chupa ya asali mahali ambapo hata mgeni anaweza kuiona.

Upande ule mwingine pia una dharura yake. Paka mwenye kisukari anayetapika, asiyekula, aliyelegea na pumzi yake ina harufu kama ya matunda yaliyooza, huyo sumu imejaa kwenye damu. Usingoje asubuhi.

Ugali unasemaje?

Paka ni mla nyama kamili. Mwili wake haukuumbiwa kuishi kwa ugali, wali, mkate na maziwa, lakini hicho ndicho wengi wetu huwapa. Mwenye kisukari anafaa protini nyingi na wanga kidogo: kuku, nyama, mayai, samaki. Omena iko sokoni Kakamega kila siku na haihitaji uwe tajiri. Ichemshe bila chumvi, bila kitunguu wala kitunguu saumu, maana vitunguu ni sumu kwa paka. Usimpe omena peke yake mwaka mzima, changanya na kuku na moyo wa ng'ombe. Kama huwa unanunua chakula cha paka, kile cha mkebe kwa kawaida kina wanga kidogo kuliko biskuti kavu.

Ila ngoja. Usibadilishe chakula chote leo jioni. Ukiondoa wanga ghafla na insulini ikabaki ile ile, sukari itaporomoka. Badilisha pole pole, na daktari ajue. Vilevile usimnyime chakula ili akonde haraka. Paka mnene akikaa siku kadhaa bila kula, mafuta hujaa kwenye ini na hapo una ugonjwa wa pili. Maji naye anywe atakavyo.

Stima ikipotea je?

Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8, mbali na barafu. Ikiganda, itupe. Iliyofunguliwa kwa kawaida hustahimili kama wiki nne kwenye joto lisilozidi nyuzi 30, na Kakamega iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, si Lodwar. Kona yenye giza, mbali na jiko na dirisha, ndani ya chungu kilichowekwa juu ya mchanga wenye unyevu, inasaidia sana.

Kama bado una wasiwasi, sikia hii. Shirika la MSF na Chuo Kikuu cha Geneva walipima insulini za watu kwa kufuata joto la nyumba za kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kule Dadaab, ambalo lilikuwa likipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Matokeo yaliyotoka 2021 yalionyesha kwamba insulini hizo zilihifadhi nguvu zake kwa wiki nne. Kwa hivyo stima kupotea usiku mmoja si mwisho wa dunia. Ila ukiona dawa imebadilika rangi au ina vipande vinavyoelea, usiitumie.

Daftari na mashine

Nunua daftari la shule. Kila siku andika: saa, dozi, amekula kiasi gani, amekunywa maji vipi, amekojoa mara ngapi. Mpime uzito kila wiki: panda mzani ukiwa umembeba, kisha upande peke yako, utoe. Mashine ya kupima sukari ya watu hufanya kazi, ingawa kwa paka husoma chini kidogo kuliko hali halisi. Pasha sikio joto kwa kitambaa, dunga ukingoni, tone moja linatosha. Mwulize daktari namba ambayo ukiiona hudungi. Ikiwa chini ya 4, usingoje kuuliza: mlishe na umpigie.

Usibadilishe dozi kwa sababu ya kipimo cha siku moja. Piga picha ukurasa wa daftari, mtumie daktari kwa WhatsApp, yeye ndiye apandishe au ashushe. Paka akishikwa mapema, akipata insulini na chakula kinachofaa, anaweza kufika mahali ambapo haihitaji tena. Si wote, na wengine hurudi, lakini inatokea. Hiyo nayo ni sababu ya kupima: siku kongosho litakapoamka, dozi ya jana itakuwa nyingi mno.

Tuongee pesa

Chupa ya mililita 10 ina yuniti 1,000. Paka wa yuniti mbili kwa siku hutumia kama 60 kwa mwezi, kwa hivyo utaitupa ikiwa imejaa. Mwulize daktari kama unaweza kutumia katriji ya mililita 3, yenye yuniti 300. Sindano zilizotumika zitie kwenye chupa ngumu ya plastiki, uzipeleke kliniki zikachomwe, zisiishie kwenye jaa ambako watoto huchezea.

Kama baada ya hesabu zote haiwezekani, kodi inakungoja na huna wa kukushikia zamu, mwambie daktari ukweli. Kumwomba amlaze paka wako bila maumivu si ukatili. Ukatili ni kumdunga leo, kumsahau kesho, na kumwacha akauke kwa kiu.

Na kwa wale wanaosema unampa paka dawa ya watu: insulini ilipogunduliwa Toronto 1921, Frederick Banting na Charles Best waliijaribu kwanza kwa mbwa. Januari 1922 ndipo alipodungwa mvulana Leonard Thompson. Kwa miongo mingi baadaye, wagonjwa wa dunia nzima waliishi kwa insulini iliyotolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe. Wanyama walitukopesha kwanza.

Halafu, sasa unazijua dalili. Kiu isiyoisha, mkojo kila saa, kukonda bila sababu. Ukiziona kwa mamako au kwa yule jirani anayekucheka, mwambie apite hospitali apimwe. Yeye hahitaji kubebwa kwa gunia.