Jua la Alasiri na macho ya karani

Ukipita katikati ya mji wa Morogoro saa nne asubuhi, jua limeshatandaa hadi mabonde ya Uluguru, utakuta ofisi nyingi zimewasha taa na kufunga mapazia. Umeme ukikatika, jenereta hunguruma uchochoroni na moshi wake ukaingia ndani. Tunaliandika hili katika safu ya afya kwa sababu anayeshinda humo kutwa ni mumeo, mkeo au binti yako.

Mwanga wa mchana, hasa wa asubuhi, ndio unaoupa mwili saa yake ya kuamka na kulala. Anayeshinda kwenye giza la taa, usiku usingizi humsumbua. Lakini jua likipiga moja kwa moja kwenye karatasi au kompyuta, macho hukazika na kichwa kuuma. Kinachotakiwa ni mwanga usio na jua kali.

Sasa tazama kibla chetu. Morogoro tunaelekea kaskazini, mashariki kidogo, na milima inabaki mgongoni. Ukuta wa kibla na ule unaotazama milima ndiyo ya kuwekewa madirisha makubwa. Kuanzia mapema Machi hadi mapema Oktoba jua la adhuhuri hupita upande wa kibla, na miezi mingine upande wa milima, ila siku zote liko juu. Hata Juni, linapoinama zaidi, kivuli cha zege kilichotokeza sentimita 70 kinatosha saa sita mchana kwa dirisha la kimo cha sentimita 120. Tabu ni mashariki na magharibi. Jua la baada ya Alasiri liko chini, linapenya chini ya kivuli hicho. Waadhini wa zamani waliopima Alasiri kwa kivuli cha fimbo wangeweza kumfundisha mkandarasi jambo hili.

Kamati zetu zinazojenga vitega uchumi zisikilize hapa. Kiwanja ni kidogo, kodi inahitajika, basi kila futi inajazwa hadi kwenye mpaka wa jirani, na dirisha linatazama tofali. Mwanga wa dirisha huingia ndani takribani mara mbili ya kimo cha linta. Linta ikiwa mita 2.4, anayekaa zaidi ya mita tano anafanya kazi kwa taa tu. Vioo vyeusi vya kisasa navyo hupunguza mwanga, kisha taa huwashwa mchana.

Nairobi, katika ofisi za Umoja wa Mataifa huko Gigiri zilizofunguliwa Machi 2011 kwa wafanyakazi wapatao 1,200, majengo yameachiwa uwazi katikati unaoshusha mwanga kutoka paani, na taa hupungua zenyewe mwanga wa nje ukitosha. Kwa macho yetu, huo ni ua wa nyumba za pwani uliopandishwa ghorofa.

Dada zetu wasidhani kukaa karibu na kioo kunawapa vitamini D. Kioo huzuia karibu mionzi yote inayoitengeneza ngozini. Hiyo itafutwe nje, uani, jua likigusa uso na mikono. Dirisha nalo lifunguke, maana hewa inayopita hupunguza vijidudu vya kifua kikuu chumbani.

Na kama jengo limeshasimama? Paka dari na kuta rangi nyeupe, ondoa kabati lililoziba dirisha, kisha geuza meza ili mwanga utoke ubavuni mwa karani.