Kikulacho Ki Nguoni Mwako: Fundisho la Benki za New York, 1884

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sisi tuliokabidhiwa ulinzi wa nchi twajua kwamba adui wa nje huonekana kwa darubini, bali yule wa ndani ya boma huvaa sare kama yetu. Yaliyotokea mjini New York, Marekani, mwezi wa Mei 1884, yathibitisha usemi huo.

Mei 6 ya mwaka huo kampuni ya Grant & Ward ilianguka pamoja na Marine National Bank. Ferdinand Ward, mshirika katika kampuni hiyo, alikuwa akiweka rehani hati zile zile zaidi ya mara moja, na kuwalipa watu faida kwa fedha za wenzao. Mshirika wake alikuwa Jenerali Ulysses S. Grant, mshindi wa vita na rais wa zamani. Jenerali hakukagua vitabu, aliamini tu. Siku mbili kabla ya anguko alikopa dola 150,000 kwa tajiri William H. Vanderbilt, akidhani anaiokoa benki. Mwishowe alimkabidhi mdai wake panga na nishani zake za vita.

Wiki moja baadaye ikafichuka kwamba John C. Eno, rais wa Second National Bank, ametwaa dola zipatazo milioni 4 za benki yake na kuzipoteza katika biashara ya hisa. Hakuvunja mlango wala dirisha. Funguo alikuwa amepewa. Wenye akiba wakaingiwa na hofu, wakakimbilia fedha zao.

Yafaa tufahamu hatari ya mbio hizo. Benki haiweki fedha zote sandukuni. Sehemu kubwa hukopeshwa. Hivyo hata benki nzima yaweza kuanguka wateja wote wakija siku moja. Second National ilinusurika kwa kuwa Amos R. Eno, baba wa mkosaji, pamoja na wakurugenzi, walifidia pengo kwa mali zao. Mei 14 milango ilifunguliwa na kila aliyetaka chake akalipwa. Siku hiyo hiyo Metropolitan National Bank ilifunga milango. Umoja wa benki za jiji ukaisaidia kwa hati za mkopo, nayo ikafungua tena kesho yake.

Mkosaji alikimbilia Kanada. Mkataba wa 1842 kati ya Marekani na Uingereza, uliohusu kurudishana wahalifu, haukutaja wizi wa namna hiyo, basi hakurudishwa. Ni mkataba wa 1889 ulioziba mwanya huo. Ndugu zetu wa polisi wataona jinsi mpaka mmoja na neno moja lililosahauliwa vyaweza kumpa mwizi hifadhi.

Ward alihukumiwa kifungo cha miaka kumi mwaka 1885. Grant, akiugua saratani ya koo, alimaliza kuandika kumbukumbu zake siku chache kabla ya kufa Julai 1885, na kitabu hicho kikaikimu familia yake.

Katika kambi na vituo vyetu pia kuna masanduku ya mishahara, maghala na vyama vya akiba. Kuvikagua si kumtukana mtunzaji. Mtunzaji mwaminifu hulindwa na ukaguzi, maana siku ya minong'ono vitabu vyake ndivyo vitakavyomtetea.