Kompyuta Iko Mbali, Mkono Uko Hapa

Ndugu msomaji, tuseme karani wa chama chenu cha ushirika amekwenda mjini kwa matibabu. Kompyuta yenye hesabu za pamba imebaki kijijini, mezani kwake, imewashwa. Je, anaweza kuzifungua hesabu hizo akiwa huko mjini, akaandika na kusahihisha? Anaweza. Wala hahitaji kuchukua nakala ya hesabu. Anaiendesha kompyuta ile ile, kama vile amekaa mbele yake.

Wako wanaosema eti ni mazingaombwe. Siyo mazingaombwe. Tuelezane polepole.

Kompyuta ina ndani na nje. Ndani ndimo hesabu zinamofanywa na kutunzwa. Nje kuna kioo cha kutazama, kibodi ya kuandikia, na kile kidude cha mkononi kiitwacho kipanya, wengine husema mausi. Kwa kawaida ndani na nje huunganishwa kwa waya mfupi. Basi wataalamu walijiuliza: kwa nini waya huu usirefushwe, intaneti yenyewe ikawa ndiyo waya?

Programu moja inayofanya hivyo inaitwa VNC. Ilitungwa katika maabara ya kampuni za Olivetti na Oracle mjini Cambridge, Uingereza, ikatolewa bure kwa watu wote mwaka 1998. Mmoja wa watungaji wake ni Quentin Stafford-Fraser. Bwana huyu, mwaka 1991, alikuwa miongoni mwa watu walioweka kamera mbele ya chombo cha kahawa katika Chuo Kikuu cha Cambridge, ili kila mtu aone kutoka mezani kwake kama kahawa imebaki au imekwisha. Uvivu nao una faida zake! Maabara ile ilifungwa mwaka 2002, lakini programu haikufa, maana maandishi yake ya ndani yalikuwa yametolewa wazi. Mpaka leo zipo programu nyingi za ukoo wake.

Sasa inafanyaje kazi? Kwenye kompyuta ya kijijini huwekwa programu iitwayo seva, yaani mtumishi. Kwenye kompyuta aliyo nayo karani huwekwa nyingine, tuiite mtazamaji. Karani akibonyeza herufi K, mtazamaji hupeleka habari: "Imebonyezwa K." Karani akisogeza kipanya, habari hiyo nayo hupelekwa. Mtumishi huko kijijini hufanya kazi, kisha hurudisha picha ya kioo. Basi. Kinachosafiri ni mkono na picha tu. Hesabu hazitoki mahali pake.

Picha yenyewe si nyepesi. Kioo cha kawaida siku hizi kina vidoto 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo. Zidisha, utapata vidoto 2,073,600, na kila kidoto kina namba tatu za rangi. Ukiipeleka picha nzima kila mara, mtandao wa kijijini utasongwa. Kwa hiyo mtumishi hupeleka kile kipande kilichobadilika tu. Ndiyo maana kuandika hesabu huenda vizuri, lakini kutazama sinema kwa njia hii ni taabu tupu.

Umbali nao una neno. Zamani intaneti yetu ya kwenda nchi za nje ilitegemea sana setilaiti, zilizo juu kilomita kama 36,000. Mkono wako upande na kushuka, picha nayo ipande na kushuka: hiyo ni nusu ya sekunde kwa kila mbonyezo, hata kama mashine zote ni nzuri. Unabonyeza, unangoja. Mwezi Julai 1909 hakukuwa na hata ndoto ya jambo hili. Miaka 100 baadaye, Julai 2009, mkongo wa SEACOM upitao chini ya bahari ulianza kazi Dar es Salaam na Mombasa, na kungoja kukapungua.

Je, mtandao ukikatika katikati ya kazi? Hapo ndipo penye raha. Maadamu kompyuta ya kijijini bado ina umeme, kazi inabaki vile vile. Karani akirudi, anaikuta herufi ya mwisho pale alipoiacha. Katika mfumo wa Linux hata kioo si lazima kiwepo kule. Makarani wawili wanaweza kufunguliwa meza mbili tofauti ndani ya mashine moja: meza ya kwanza hupitia mlango namba 5901, ya pili 5902.

Lakini mlango ni mlango. VNC ya zamani hutazama herufi 8 tu za neno la siri. Ukiandika 12, nne za mwisho ni bure. Tena baada ya kuingia, picha na maandishi husafiri uchi, aliye njiani aweza kuyasoma. Dawa yake ni SSH, iliyotungwa na Tatu Ylönen wa Finland mwaka 1995, baada ya wezi kunasa maneno ya siri katika mtandao wa chuo chake. SSH ni kama bomba lililofungwa. Karani hufungua bomba kwanza, kisha hupitisha VNC ndani yake, na mtumishi huamriwa asipokee mgeni asiyetoka bombani. Fundi akikuambia hiyo ni kazi ya bure, mimi ningetafuta fundi mwingine.

Na bomba halimzuii mgeni uliyemfungulia mwenyewe. Unapigiwa simu: "Shikamoo mzee, mimi ni fundi wa benki. Akaunti yako ina hitilafu. Weka programu hii, kisha nisomee namba unazoziona." Ukisoma namba zile, umempa kipanya. Yeye atafungua, wewe utatazama. Programu za namna hii zipo hata za simu za mkononi.

Kama umekwisha kumpa, usibishane naye. Zima intaneti hapo hapo. Kama ni waya, chomoa. Chukua simu nyingine, uipigie benki kwa namba iliyo kwenye karatasi zako mwenyewe, si ile aliyokutajia yeye. Halafu badilisha maneno ya siri kwa kutumia mashine nyingine, na ile programu iondolewe kabla hujawasha intaneti tena.