Umeme ukirudi, usikimbilie swichi



Umeme ukikatika ghafla, kila mtu analaumu fundi. Sikilizeni kwanza.

Tangu mwaka 1982 laini kubwa inatoka Inga mpaka Kolwezi, kilometa 1.700 hivi. Ikianguka, na ile ya Zambia ikikatika pia, Katanga inabaki kisiwa. Inategemea mitambo yake ya maji, kama Nseke na Nzilo kwenye mto Lualaba, Mwadingusha na Koni kwenye Lufira.

Mitambo hiyo inapaswa kushika mwendo mmoja, mapigo 50 kwa sekunde. Mzigo ukizidi, inachoka kama mtu anayepanda kilima na gunia la unga. Kufungulia maji zaidi kunachukua sekunde kadhaa, na umeme haungoji. Hapo vyombo vyenyewe vinakata mtaa huu, kisha ule, ili kisiwa kisizame chote. Heri resho yako ipoe kuliko pampu na vipepeo vya hewa vya shimoni visimame.

Hatari inarudi pamoja na umeme. Mota ikianza inaweza kuvuta mara tano mpaka saba ya kipimo chake. Mafundi wanaongeza mzigo polepole. Resho na pasi za kambi nzima zikiwa zimeachwa wazi, kisiwa kinaanguka tena. Zimeni zote, acheni lampi moja iwape habari. Kazini, usitie mkono ndani ya mashini iliyosimama bila kukata umeme wake na kufunga kadena. Inaweza kuamka bila kukuita.

Sisi wa dispanseri tunaogopa zaidi grupi ndogo za esanse. Ukiiunga na nyaya za nyumba bila kuitenga na laini, umeme wako unatoka nje, unafika kabini, na huko unapandishwa kuwa maelfu ya volti. Fundi aliye juu ya nguzo anadhani waya umekufa. (Na grupi isiwashwe ndani ya nyumba, moshi wake unaua watu wakilala.)

Mtu akipigwa na umeme, usimguse kabla ya kuukata. Ita msaada. Kama hapumui, kandamiza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, bila kuchoka. Akiamka na kusema hana kitu, mleteni hata hivyo: moyo unaweza kusumbuka baadaye.